Walivyoiona "Pisha Gari" Dongobesh

Dar es Salaam,
2 Juni 2024

Shikamoo mjomba Baltazar,

Naamini barua hii inakukuta na afya, pamoja na mama Rogathe na ng'ombe wenu wawili. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanitafuna.

Nimempa kondakta wa basi bahasha hii pamoja na flashi. Ndani yake imo filamu yetu, "Pisha Gari", iliyotokana na ile riwaya yangu. Watu wa mjini wameisifu, lakini wanaisifu kwa adabu, kama wanavyosifu pilau ya msibani. Wewe una banda la video na adabu hiyo huna. Iweke, kaa nyuma, uniandikie watakayosema kama watakavyoyasema.

Kisa unakijua. Mzee wa kifugaji yuko mnadani, nyuma yake lori linarudi kinyumenyume. Mkamwana wake anamwona, lakini kwa desturi yao mwanamke halitamki jina la baba mkwe hata akifa. Basi anatafuta namna ya kumwita bila kumwita: "Wewe baba wa yule! Wewe mwenye shuka! Wewe uliyemzaa aliyenioa!" Mpaka apate linalofaa, lori limeshapita. Watu wanacheka, halafu wanaona aibu kwamba wamecheka. Ndivyo tulivyokusudia.

Na unajua ilikotoka. Babu Gidahosh alikufa hivyo mnadani, na mama alikuwepo. Aliniambia mara moja tu, nikiwa kidato cha pili, tukipukuchua mahindi: "Nilikuwepo. Lile jina, mwanangu..." Akaishia hapo. Hayo mengine niliyamalizia mwenyewe. Kwa baba mdogo Joseph na ukoo mzima kule Basotu, inaaminika hakuna mtu wa nyumbani aliyeshuhudia. Majina yote nimebadilisha, na kule hakuna anayesoma riwaya.

Tafadhali mama asiione kwanza.

Mpwa wako,
Isidori

*

Dongobesh,
16 Juni 2024

Mpwa wangu Isidori,

Marahaba. Huku sote wazima, ukiyatoa magoti yangu, ambayo siku hizi yanaamka baada yangu. Mama Rogathe anakusalimu. Ng'ombe amebaki mmoja. Mwenzake ameingia katika arusi ya watu wasiotupenda hata kidogo.

Banda lilijaa Jumapili baada ya ibada. Niliandika kwenye ubao, "Mtoto wa dada yangu, kiingilio kama kawaida," nikidhani hilo la pili litawafukuza. Halikuwafukuza.

Sasa maoni. Sulle, yule mwenye bucha, alisema mtu aliyekanyagwa na lori halali vizuri namna ile, mikono pembeni kama yuko kwenye jeneza la bei. Mzee Tluway, katekista mstaafu, aliuliza kama yule mwigizaji amekufa kweli. Nikamwambia hapana, yuko Dar, anakula. Akasema, "Basi nirudishiwe machozi yangu." Vijana walimpenda dereva. Walimu wawili walisema filamu inadhalilisha mila, ila walikaa mpaka mwisho na mmoja akaomba irudishwe pale pa lori.

Pale pa lori, mpwa wangu, walicheka mpaka benchi la mbele likavunjika. Walioanguka nalo waliendelea kucheka wakiwa chini.

Judica anayeuza togwa peke yake hakucheka. Alinifuata mlangoni. "Baba Rogathe, huyo mama ni mjinga? Si angepiga yowe tu? Yowe halina jina." Nikamwambia ni sinema. Akasema, "Najua ni sinema. Nauliza kama ni mjinga."

Mimi nilimwona mama yako mle. Uliyempa nafasi yake ana meno meupe mno na kanga iliyopigwa pasi, lakini ule mdomo wa kuzungukazunguka neno ni wake kabisa. Unakumbuka hata kuosha vyombo hasemi, kwa kuwa ndani yake kunasikika jina la babu yako? Anasema "kuvipitisha kwenye maji". Mwiraqw aliyeolewa kwa Wabarbaig akawapita wenyewe kwa heshima. Siku ya kukuandikisha shule mwalimu alimuuliza jina lako la tatu, akanyamaza, mwalimu akaandika "babu hajulikani". Babu yuko nje anafunga punda.

Hilo nalo ungeliweka. Lingechekesha.

Jambo moja silipendi. Kijana wa basi dogo la kwenda Haydom alikopi flashi kabla sijamzuia. Ana abiria wa Basotu.

Mjomba wako,
Baltazar

*

Dar es Salaam,
23 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Pole kwa magoti na kwa benchi. Barua yako nimeisoma mara nyingi; niliwasomea wenzangu, mwongozaji akacheka machozi kwa habari ya mzee Tluway.

Hilo la flashi limenikaa vibaya. Mama anajua? Ukisikia lolote la Basotu, niandikie hata mistari miwili.

Mpwa wako,
Isidori

*

Dongobesh,
21 Julai 2024

Isidori mpwa wangu,

Salamu nitazifupisha. Tu wazima.

Nimekaa Basotu wiki nzima. Filamu yako ilionyeshwa siku ya mnada, dukani kwa mtu anayechaji simu, kwenye skrini ndogo, watu wamesimama mpaka barabarani. Kule hakuna aliyecheka. Uliwabadilishia majina, lakini shuka ulimwachia ileile, na kilema cha mguu wa kushoto, na mnada uleule. Joseph aliitazama mpaka mwisho, akaenda nyumbani kwa mama yako. Hakumpa salamu. Alimuuliza mbele ya wake zake wote, "Shemeji, ulikuwepo?"

Dada yangu hajui kusema uongo. Ni udhaifu wa upande wetu wa mama. Akasema, "Nilikuwepo."

Sasa elewa alivyobanwa. Kama alimwona mzee akifa akakaa kimya, basi ameuacha mti wa ukoo ukaangushwa, na akawaficha miaka yote. Kama alimwita kwa jina, basi amemvua nguo mkwe wake mbele ya mnada, na kwa watu wale hiyo ni laana inayoweza hata kuua. Kushoto shimo, kulia shimo, katikati umemjengea jukwaa.

Wazee wamesema suala la jina si lao, ni la wanawake. Baraza la akina mama litakaa. Wakimwona ana hatia, ataondoka. Ataacha nyumba, kashamba kake ka mahindi, na ile nafasi pembeni ya kaburi la baba yako ambayo anaipalilia kama bustani. Hana kingine anachokitaka duniani zaidi ya kulala pale.

Mpaka sasa hajasema alifanya lipi kati ya mawili. Nilimuuliza njiani tukienda kuchota maji. Akasema, "Mwandishi si ameshasema?"

Usimpigie simu. Simu yake anashika mke wa Joseph.

Mjomba,
Baltazar

*

Dar es Salaam,
26 Julai 2024

Shikamoo mjomba,

Sina usingizi. Nakuja. Nitasimama mbele ya baraza niwaambie nilitunga kila kitu, kwamba mama hakuniambia neno, kwamba waandishi ni waongo na ndiyo kazi yetu. Nitaleta kitabu, niwaonyeshe kilipoandikwa "hadithi ya kubuni". Niambie tu siku.

Mwambie mama anisamehe. Nilidhani namwonea huruma. Nilipoandika pale nililia, mjomba, haki ya Mungu. Kuchekesha kulikuja baadaye, kwenye filamu.

Mwanao,
Isidori

*

Dongobesh,
18 Agosti 2024

Isidori,

Marahaba. Usije.

Baraza lilikaa Alhamisi ya tarehe nane, chini ya mlima, wanaume tukafukuzwa mbali kama mbuzi. Haya nimeyapata kwa mama yako Imakulata mwenyewe, na kwa bibi mmoja aliyependa tumbaku yangu.

Walimuuliza, "Ulimwita?" Akanyamaza. Wakamuuliza tena. Akanyamaza. Joseph alikuwa ameagiza iletwe simu yenye filamu, wakaitazama wanawake wote wakiwa wameinamiana. Ilipofika pale, yule mama wa meno meupe anazungukazunguka, lori linakuja, bibi mkubwa kuliko wote akainua mkono. Akasema, "Basi. Tumeona."

Akasema: "Lori humuua mtu mara moja. Mkwe akitajwa na mkamwana, anauawa kila siku. Huyu alikuwa na kifo mbele ya macho na bado mdomo wake ulishika heshima. Nani kati yenu angeweza?" Wanawake wakalia. Wengine walimshika miguu.

Joseph naye alipoambiwa alilia. Amempa mtamba. Amesema mbele ya wazee kwamba mama yako akifa atalala pembeni ya mumewe, na asiyetaka ahame yeye. Siku hizi wasichana wanaokaribia kuolewa wanaletwa kwake wamtazame. Filamu yako ya kuchekesha, mpwa wangu, Basotu ni somo la dini.

Ungedhani nimalizie hapo. Mimi nami nilidhani.

Jumatatu iliyofuata mama yako alikuja Dongobesh kunisalimu. Aliomba aione kwenye skrini kubwa, sisi wawili tu. Pale pa lori akasema nirudishe. Nikarudisha. Akasema tena. Halafu akaongea bila kunitazama.

"Nilipiga yowe kwanza. Mnadani yowe ni la nani? Ng'ombe wanapigiwa yowe, wezi wanapigiwa yowe. Hakugeuka. Nikamwita."

"Ulimwitaje?"

"Kwa jina lake, Baltazar. Lote. Kama mwanamume mwenzake."

Nikasogea karibu naye kwenye benchi.

"Alikuwa anatembea. Angeendelea tu angekuwa ametoka. Alikuwa anatoka! Aliposikia jina kwa sauti yangu akasimama. Akanigeukia. Hakukasirika. Alishangaa, kama mtu aliyesalimiwa na jiwe. Akafungua mdomo."

"Kusema nini?"

"Nadhani alitaka kuitika."

Kwenye skrini nilikuwa nimesimamisha picha, yule mama wa Dar yuko pale, mdomo umejaa maneno yasiyo jina. Dada yangu alimtazama sana. Akasema, "Huyu ni mkamwana mwema kuliko mimi."

Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie asirekebishe kitu." Nikamuuliza kama uje. Alifikiri mpaka uji ukapoa. "Akija nitamwangalia usoni, naye anajua kuangalia. Abaki huko kwanza."

Kwa hiyo baki. Nimekuandikia kweli hii kwa sababu ulijenga nyumba juu ya nusu sentensi, na ni haki ujue nusu ya pili ilikuwaje. Ukiiweka kwenye kitabu nitakuja Dar kwa magoti haya haya.

Mjomba,
Baltazar

*

Dar es Salaam,
6 Oktoba 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini mvua imeanza huko na kwamba magoti yamekubaliana nawe. Samahani kwa kimya. Nilianza barua nyingi, zote zilikuwa zinaeleza sana.

Jumamosi filamu ilionyeshwa tena hapa, ukumbi umejaa, na baadaye tukapandishwa jukwaani watazamaji watoe maoni. Walisema mengi mazuri. Mmoja alisema hajawahi kucheka hivyo kwenye kifo. Kisha dada mmoja wa safu ya nyuma, kwa sauti ya upole, akauliza: "Na mama yako? Yeye aliionaje?"

Ile sentensi ikanijia, mjomba. Ile ya mkamwana mwema. Ilikuja yote, na mapumziko yake mahali pake, na nilijua kabisa ukumbi ungepasuka kwa kicheko, kisha wangenyamaza kwa aibu, kisha wangepiga makofi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikasema, "Hajaiona."

Akasema pole, siku moja ataiona. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akampa mwingine.

Mpe mama salamu zangu kama atazipokea. Kama hatazipokea, usiniambie.

Mpwa wako,
Isidori