Zamu Ulizoniachia

Hai Mauna,
Juba.
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Akuol,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka kwenye joto hili lisilo na huruma. Hujambo? Mama Mkubwa anaendeleaje na magoti yake? Bado anapanda ngazi za kanisani kwa ubishi, akikataa kushikwa mkono? Sisi huku tu wazima, Mungu anatusaidia. Mdogo wangu Ayak aliugua malaria wiki mbili, lakini sasa ameanza tena kunipigia kelele kuhusu vyombo, kwa hiyo najua amepona kabisa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi, kana kwamba simu zimekufa. Hazijafa. Ni kwamba kwenye simu wewe ni mwepesi mno wa kunikatiza. Onesmus, yule Mkenya anayeuza mitumba pale soko la Custom, anasafiri keshokutwa kuja Eldoret, nimemwomba akukabidhi mkononi. Ninachotaka kuzungumza ni ule ujumbe wako wa mwezi wa tatu kuhusu chuo. Nilikujibu vibaya, na imenichukua muda kujua nilikosea wapi.

Unajua Januari nilianza shahada ya uzamili. Mchana niko uwanja wa ndege, ofisi ya mizigo, nikihangaika na kompyuta za watu. Saa kumi na moja niko darasani. Somo linalonitoa jasho muhula huu ni usanifu wa mfumo endeshi. Nisikuchoshe nalo. Kompyuta ina ubongo mmoja, programu zinazoutaka ni nyingi, na mfumo endeshi ndio unaozigawia zamu. Kazi yetu ilikuwa kuandika hiyo sehemu ya kugawa zamu.

Ee dada, mawazo yalinipeleka mbali! Nilirudi Huruma, huko kwenu Eldoret, kwenye ukumbi wa parokia, asubuhi ya Jumamosi yenye baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na sisi watoto kumi na wanne kwenye benchi. Katekista Jonah alikaa na saa yake ya kengele, nusu saa kwa kila mtu. Ulikuwa na ile sweta ya kijani iliyokuwa ya Mama Mkubwa, mikono umeikunja mara tatu. Nimeikumbuka hiyo sweta hadi nikakosa kuandika maelezo ya mwalimu.

Jonah alipoita jina lako, ulisema, "Acha Dut aendelee, mimi niko sawa." Kila Jumamosi. Kisha unasimama nyuma yangu, unanyoosha kidole kwenye skrini kabla sijaona kosa liko wapi. "Hapo umeruka mstari, we kichwa maji." Nami nilidhani ninajifunza mwenyewe! Nyumbani walisema Akuol hapendi mambo ya kompyuta, anapenda jiko. Nilisema hivyo pia, tena kwa watu wengi.

Basi nikaandika programu yangu. Nikaweka sheria moja ambayo niliiona ni ya busara sana: programu inayowapisha wenzake irudi nyuma ya foleni, maana isiyo na haraka itangoja. Niliona ni adabu tu, kama tulivyolelewa, mwenye kupisha anashukuriwa na shughuli inaendelea.

Mwalimu wetu, Daktari Ladu, alikulia Arua, upande wa Uganda. Hufundisha kwa Kiingereza, lakini akitaka kukuchoma anageukia Kiswahili cha kule. Aliwasha programu tisa kwenye mfumo wangu mbele ya darasa zima. Nane zikamaliza, zikapewa kazi nyingine, zikamaliza tena. Akangoja, akainama karibu na skrini.

"Huyu namba tisa iko wapi? Wenzake yote nakwisha."

Nikamwambia namba tisa ilikuwa inapisha wenzake.

"Na nani alikuambia mtu mwenye napisha hapana taka? Yeye nataka. Malesh, pole, ya Dut, wewe naua yeye na adabu yake."

Darasa likacheka, nami nikacheka kidogo ili nisionekane mkali. Lakini nilikaa chini nikiwa nimekuona wewe. Niliona aibu, dada, aibu ya kweli, na hadi leo haijaniisha.

Kuirekebisha haikuwa kazi kubwa. Kadiri programu inavyongoja, mfumo unaipandisha cheo, hadi hakuna anayeweza kuiruka tena. Mistari sita tu. Ladu alinipitisha.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tatu uliniandikia kuna chuo hapo mjini kinachukua watu wazima kwa stashahada ya kompyuta, darasa linaanza Septemba. Kabla sijajibu ukaongeza, "Lakini si lazima. Watoto kwanza." Nami nikajibu, "Sawa dada," na kidole gumba. Nikarudi kwenye chakula changu.

Si sawa. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe thelathini na moja Julai, nimeuliza. Ayak atakuja Agosti kukaa na Mama Mkubwa na watoto saa zako za darasa. Ni yeye aliyejitolea, sikumsukuma. Shemeji nimeshaongea naye, amesema alikuwa akingoja wewe useme. Karo ni juu yangu, na hilo sitaki mjadala.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka ule wa Kidato cha Nne, mimi ndiye niliyetumwa shuleni kuchukua matokeo yetu wote wawili. Parokia ilikuwa na nafasi moja ya chuo kikuu, na Jonah alisema watapokea jina lolote familia itakaloleta. Jioni ile ulisema kabla ya mtu yeyote kuuliza: "Dut aende, mimi nitabaki na Mama." Wakakusifu. Wewe ulijua karatasi yako tu. Yangu nilikwambia tumekaribiana, kisha nikaificha chini ya sanduku na hukuiona kamwe.

Mimi nilikuwa nimeziona zote mbili njiani. Wewe ulikuwa na A ndogo. Mimi nilikuwa na B.

Mama yako alinilea kama mwanawe; nilikula kwenu, nikalala kwenu, na nikanyamaza. Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Nakuomba ujiandikishe.

Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie namkumbuka na uji wake wa wimbi. Msalimie shemeji, Bior mdogo, na Scovia jirani yako kama bado anakopa chumvi. Mungu awalinde, awape mvua na afya.

Na Joy umbusu. Wiki iliyopita aliniuliza kwenye simu kama ni kweli mimi ndiye niliyekuwa na akili kuliko wote pale nyumbani. Nilicheka, nikamuuliza habari za shule. Tafadhali msomee barua hii, umwambie mwenye akili alikuwa mama yake.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Dut