Picha ya Moyo wa Skola

Dar es Salaam

Mpenzi Mama Skola,

Hujambo huko juu dunguni unakolinda mpunga? Mgongo vipi? Na ndege wametuachia chochote? Sisi wazima. Skola anakula kunishinda, hilo litangulie, maana huko shambani mtandao hakuna na najua roho iko juu. Habari ya picha inakuja. Nivumilie tu, mwenzio nina wivu.

Wivu na nani? Na wewe.

Juzi walikuwa wanaangalia ule mshipa wa moyo aliozaliwa nao pasipo mahali pake, ule waliouhamisha walipompasua. Daktari alisema kama pale waliposhona pamebana, mtoto anarudi kwenye kisu. Mashine yenyewe kama pipa refu. Anasukumwa ndani, na akiambiwa abane pumzi lazima atulie kabisa, la sivyo picha inatoka ukungu. Mimi nikawekwa nyuma ya kioo na kipaza sauti, eti nimtulize. Unanijua. Nikamkumbusha nilivyotumbukia kwenye tope la jaruba na viatu vya kanisani. Akacheka, picha ikaharibika.

"Mzee," akasema mpiga picha, binti mpole kabisa, "naomba hicho kipaza sauti."

Nikamsikia Skola anauliza mle ndani, "Dada, nikae kama ndege wanakuja?"

"Ndege gani tena?"

"Mama anasema nisipumue mpaka wakaribie. Halafu ndiyo navuta kombeo."

"Haya mama, wanakuja."

Mtoto akawa jiwe. Kumbe kule juu ya dungu, kwa kuwa hawezi kukimbia, mlikuwa mnafundishana, na mimi chini nahangaika kupiga debe langu kufukuza ndege! Mimi ninayemsuka nywele mpaka wanawake wa wodini wananicheka, nikakaa pale sina kazi. Wewe umeshinda hata hujapanda basi. Chai ilinishinda siku ile.

Leo daktari ametuonyesha. Mshipa uko wazi, damu inapita vizuri. Hakuna kisu, mke wangu. Nimelia, usimwambie kaka yako.

Tulipotoka nikamuuliza Skola, kwa kujikaza, "Mashine inagonga vile, hukuogopa?"

Akanishangaa. "Niogope nini, baba? Si ilikuwa kama wewe unapiga debe kule chini."

Nimemnunulia soda. Zamu yako kununa.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, na kaka yako wa Viwanja Sitini. Jirani wa Lipangalala anayetutunzia kuku mwambie nawakumbuka wote, hasa jogoo.

Mumeo, mwenye debe,
Baba Skola