Maneno Yako Yanakataa Kutoka ku Ukuta

Tata,

Yambo. Ni mi, Ngalula, binti yako. Tunauzisha nyumba ya ziwa, ile ya Nzilo. Usikasirike kwanza, sikia.

Mwanzo wa mvua mama alianguka ku njia ya kushuka ku maji, na beseni ya bilamba bya kufua. Aliita asubuhi yote. Hakuna mutu alisikia. Mi nilikuwa kwangu Manika, sokoni, nauzisha bitenge na kucheka na bamama benzangu. Tangu siku ile silali muzuri, Tata. Pembeni ya nyumba yangu kuko kanyumba kadogo, wenyewe banakauzisha. Nataka mama akuje kukaa pale.

Njo nimekuja huku kusafisha. Nimekata majani, nimefunga dirisha ya jikoni. Nyavu zako nimetupa. Samaki ulisema umevua, tulikuwa tunanunua ku bavuvi, na wewe unaniambia, "Usimwambie mama yako!" Aka! Mama alijua siku zote.

Lakini ule ukuta! Rangi nyekundu ile uliitoa wapi? HII PARSELE HAIUZISHIWI, herufi kubwa kama mulango. Nilipaka nyeupe, ikakauka, maneno yakatokea. Nikapaka tena. Yakatokea tena, ni kama yananicheka. Mutu moja wa Fungurume alikuja kuangalia nyumba, anunue. Alipenda maji, alipenda upepo. Kufika ku ukuta, akasimama. Hapa kwetu kila mutu anajua: wenye kuandika vile, jamaa yao inagombania kile kiwanja. Akaniuliza, "Mama, bandugu ya baba yako banajua?" Nikamwonyesha tena maji. Akapanda pikipiki yake, akaenda.

Nilikukasirikia, Tata. Nilikuita mutu wa kichwa nguvu, kwa sauti, burashi mukononi.

Mama akanisikia. Akatoka polepole na fimbo yake, akakaa ku kiti mbele ya ukuta. "Mwache tata yako," akasema. "Ni mi njo nilimwambia aandike."

Sikujua. Kumbe bandugu zako balikuwa banapima kiwanja kwa miguu, na wewe ungali unapumua ku kitanda. Ukaamka na ugonjwa wako, mama akakushika kiuno, ukaandika, ili siku hauko, mama asifukuzwe. Na kweli, nyuma ya matanga yako balikuja, balisoma, balirudi kwao. Oh, Tata. Mi nilifikiri uliandika vile sababu ya kupenda ziwa.

Akaniomba kisu. Akaanza kukwangua yeye mwenyewe. "Rangi imemaliza kazi yake," akasema, na akalia kidogo, akaendelea. Mi nakwangua juu, yeye anakwangua chini. Mikono inatuuma. Mutu wa Fungurume nimemwita arudi, na safari hii ni mama njo atasema naye.

Lala salama, Tata. Usisumbuke tena. Kale kanyumba ka Manika kataandikwa kwa jina la mama, lake peke yake, hakuna la mutu mwingine, hata langu. Kitanda changu nimeshakisogeza ku ukuta wa upande wake. Akiita, hata kwa sauti kidogo, nitasikia.

Ngalula