Ngoma Yako Imepashwa Moto na Gitaa

Mke wangu Mama Yona,

Mbukwa! Itikia salamu hukohuko uliko, usijifanye umelala. Naandika mwenyewe, kwa herufi zilezile za ngumbaru ulizokuwa unazicheka kwamba zinatembea kama kuku aliyekunywa pombe. Leo ziache zilewe. Jana tumeshinda.

Najua unasema, "Baba Yona, uongo wako ungekuwa mtama tungejaza ghala." Subiri kwanza nimalize.

Unaikumbuka ile kaseti? Yule mzungu mchimba visima, mtu wa Ayalandi, alimwachia Yona wetu siku anaondoka Makutupora. Vijana wa kwao wanapiga fidla za babu zao, gitaa linanguruma juu yake, na mwimbaji anapiga kelele kama ameibiwa ng'ombe. Mimi nikatoka nje na kigoda changu. Wewe ulibaki unachambua karanga, kichwa kinatikisika.

"Baba Yona, njoo usikie. Hawa nao wana zeze lao. Hawalionei aibu, wamelitafutia rafiki."

Nikakujibu zeze langu halina shida ya rafiki, lina wapenzi kuanzia Haneti mpaka Ihumwa.

"Wapenzi wenyewe wamebaki na jino mojamoja," ukasema.

Nilinuna siku mbili. Nilinuna kwa sababu ni kweli.

Yona alipoleta gitaa la mtumba nikamwambia hicho kibao cha kufulia kisikanyage uani kwangu. Akawa anapigia nyuma ya zizi. Na wewe, mtu mzima na heshima zako, unabeba ngoma yako ya muheme, unapita mbele yangu makusudi, unakwenda kupiga naye huko kwenye mavi ya ng'ombe!

Siku ile tunakupeleka hospitali uliniambia, "Ngoma yangu msiifunike. Apige binti yetu Tabitha. Na wewe uingie na zeze." Nikasema ndiyo. Ulipozikwa nikaifunika. Zabibu zimevunwa mara nne, mke wangu, na mimi sikuthubutu kuisikia.

Mwezi uliopita Yona akasimama mlangoni, binti yetu nyuma yake.

"Shikamoo baba. Kuna shindano la bendi mjini. Atakayeshinda anapigwa kwenye redio, hizi mpya za watu binafsi. Bila ngoma ya mama siendi."

Tabitha ananiangalia na macho yako yale. Nikaifunua mwenyewe. Nikawaambia sawa, lakini nyota ni mimi.

Sasa jana, tuko juu ya lori la zabibu, mvua! Dodoma hii inayotunyima mvua mpaka mtama unakauka, ikanyesha juu ya ngoma yako. Ngozi ikalegea kama shavu langu. Sikutishika, nilikuja na kuni. Nikaingia ukumbini na mzigo kichwani, nikapanga mafiga matatu safi kabisa kwenye kona. Meneja akaja mbio.

"Mzee! Unapika?"

"Napasha ngoma."

"Humu? Kuna zulia humu!"

"Basi lisogeze."

Kuni zangu akazitupa nje. "Dakika kumi. Ngoma isipolia, nawatoa shindanoni, mrudi shamba." Wale wa mjini wenye viatu vya kung'aa wakaangua kicheko: "Jamani, bendi imekuja na jiko!"

Tabitha akaipiga. Pwa. Kama kofi kwenye tope. Machozi yakamjaa. "Baba, mama amekataa."

Hapo, Mama Yona, hata mimi niliishiwa uongo. Nikarudi nyuma, nikaegemea lile sanduku la gitaa la Yona, amplifaya, lile la zamani lenye vitaa vinavyowaka ndani. Likaniunguza mgongo!

"Yona! Lete ngoma! Hili dude lako limepata kazi!"

Tukailaza ngozi pale mgongoni mwa lile dude. Tabitha anaigonga kwa kidole, sikio karibu, kama ulivyokuwa unafanya motoni. "Bado... bado... hapo!"

Akaibana mapajani, akaipiga. Ulikuwa wewe. Nikaingia na zeze. Yona hakunifunika. Alinisubiri niseme yangu, halafu akaliachia gitaa lingurume. Meneja mwenyewe aliruka mpaka tai ikafika mgongoni. Watu kumi na tano walizimia. Haya, watatu. Haya, mmoja, naye alikuwa amelewa.

Walipotuita kuchukua ushindi wakauliza jina la bendi. Yona akaniangalia, akacheka: "Mzigo wa Kuni."

Kile kitambaa nilichoifunikia ngoma yako nimempa Tabitha, anafutia jasho.

Pumzika, mke wangu. Siku nikija nitakuja na zeze. Wewe anza kutafuta kuni mapema, maana amplifaya nawaachia watoto.

Mume wako,
Baba Yona, mpiga zeze namba moja duniani
(haya, Makutupora)