Mnara Usio Katikati

Babu,

Jumamosi tulivunja matanga yako. Ulituacha wakati vita inashuka kutoka milima ya Bijombo, tukakuzika haraka, tukavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi bila hata kugawa vitu vyako. Tuliporudi kwetu Rugenge nyumba ilikuwa tupu. Vitanda, masufuria, hata mlango wa jikoni, vyote vimebebwa. Ukutani ilibaki picha yako ya mnara tu, kwenye kadre yake ya mbao, ile uliyoikata kwenye kalenda ya misheni ukiwa kijana.

Nakumbuka tulivyoitazama nikitoka shule. Mnara wa jumba la mji wa Brisele kule Ubelgiji, wa zamani sana, mawe yake yamechongwa membamba kama nyavu, malaika juu kabisa. Binamu zangu waliucheka kwa sababu hauko katikati ya jumba. Watu husimulia kwamba mjenzi alipoona hivyo alijirusha chini kwa haya. Ulikataa: "Uongo. Upande mmoja ulijengwa kwanza, mwingine ukaja nyuma, barabara ikaubana." Kisha ukaniambia jinsi mizinga ya Wafaransa ilivyouunguza mji ule, mnara ukabaki umesimama. Ulisema "umesimama" kama unayemtaja jirani.

Siku ya kugawa, vitu havikuwa vingi: fimbo yako na koti, ulivyomwachia jirani, na picha. Shangazi aliishika kwanza.

"Hii kadre nitatiamo foto ya ndoa ya binti yangu. Na huu munara iko wa nani? Haiko hata wetu."

Watu wakacheka. Unanijua mbele ya watu, Babu, sauti yangu ni ndogo. Lakini vidole vya Shangazi vilikuwa tayari vinavuta karatasi, na sikuwa na kitu kingine chako. Nikasimama. Nikaeleza yote, mjenzi, barabara, moto, huku nikitazama miguu yangu. Nilipomaliza, hakuna aliyecheka.

"Kumbe weye uko na sauti," Shangazi akasema. Akang'oa misumari taratibu, akanipa karatasi. Kadre akabaki nayo.

Nimeibandika juu ya meza yangu. Pembe moja imechanika kidogo. Jioni nyingine milio ya bunduki bado inasikika milimani, na mimi natazama kule juu kwa malaika mpaka inyamaze.

Ninakuahidi, wadogo wakiuliza nitawasimulia kama ulivyonisimulia, na nisipojua nitasema sijui.

Pumzika, Babu. Bado ninasema kwa sauti ndogo. Lakini ninasema.

Mjukuu wako