Nadhiri ya Kambare wa Dimbwi la Quionga

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Bi Nafisa, naomba msaada wako, ila kwanza nishukuru maana Mungu ametutendea makubwa, mimi ni Cassamo wa Quionga, hata wasio wapwa zangu huniita Mjomba, usiponijua uliza mpaka Mbau, ndimi yule niliyevutwa na kambare mmoja hadi mto Rovuma tukarudi wote wawili kwa miguu. Sasa kuna kampuni ilitaka kufukia dimbwi letu iegeshe malori yake, na dimbwi hilo ndilo linalonywesha mpunga wa dada yangu Mariamo, mjane, hana shamba jingine, tukaenda tribunal, yaani mahakamani, na kilichotuokoa ni visamaki vyekundu visivyofika kidole, advogada wetu, wakili Sónia, alimwonyesha jaji kwamba vimebaki mahali pachache sana duniani na sheria inavilinda. Hukumu ikawa yetu, Alhamdulillahi, nikalia mbele za watu, mimi huyu. Shida ni mdomo wangu, kesi ilipokuwa ya moto nilisimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa nikaweka nadhiri, tukishinda nitalisha kijiji kizima kambare wa dimbwi lilelile, kama tunavyowachimbua topeni kila likikauka, kumbe jaji naye kakataza mtu yeyote kuchimba, kwa kuwa mayai ya visamaki hukaa mlemle kwenye tope yakingoja mvua. Dimbwi limeshaanza kukauka, watu wananiuliza siku ya karamu, mtani wangu Aiuba ananiambia sokoni, "Mjomba, sufuria tumeosha, au kambare wako wamepata pasaporte wakavuka Rovuma?" Nikichimba, kampuni itarudi kwa jaji, nisipochimba nimemdanganya Mungu. Nifanyeje?

Mjomba Cassamo,

Hongera ya kesi nakupa, ya kambare mwenye miguu sikupi. Machozi yako nimeyaamini, lakini nani alikutuma umwahidi Mungu samaki usiowamiliki? Kampuni ile inangoja jembe lako moja tu, ikamwambie jaji kwamba wenyeji wenyewe hawavijali visamaki hivyo, na hapo atakayelala njaa ni Mariamo, siyo wewe. Tope hilo usiliguse.

Nenda kwa shehe wako, mweleze bila kuongeza chumvi, akupe kafara ya nadhiri yako, uitoe. Halafu Ijumaa simama palepale uliposimama, useme mwenyewe kabla Aiuba hajakusemea. Karamu iwepo, mmepewa neema kubwa. Samaki chukua wa baharini, Quionga haiwakosi. Mchele mwombe Mariamo, ule wa shamba lake la dimbwini, na hapo kila mtu atakuwa amekula kilichotoka kwenye maji yaleyale, bila jembe kuingia topeni.

Na siku hiyo ukivisimulia visamaki vyenyewe, nakuomba, viache visifike kidole.