Kaburi la Kaka Yangu Shikuku

Mjukuu wangu Ayuma,

Bwana akutunze huko Mombasa. Sisi hapa Eldoret tuko, ila babu yako bado anakohoa.

Umeniuliza kama ni kweli kaburi la kaka yangu Shikuku, kule Kakamega, halina mtu. Ni kweli. Mgodi wa dhahabu walioacha wazungu ulimfukia akichimba, na hawakuweza kumtoa. Wazee wakaamua tuzike mgomba mahali pake. Mama akawaambia, "Mimi sikuzaa mgomba."

Lakini ulipoletwa kaburini aliuangalia sana, kisha akavua leso yake akaufunika polepole, kama mtoto aliyelala. Hapo ndipo tulipolia.

Siku hizi ule mgodi ni vichaka na maji meusi tu. Ukienda Desemba, usiliogope kaburi hilo. Lipalilie kama mengine.

Ni mimi, kukhu wako.